Kopi inayotamba kuliko ilivyotarajiwa: maana yake na jinsi inavyotokea

Bendi za ukumbini Mtwara mjini, na zile zinazopanda Masasi na Newala msimu wa malipo ya korosho, zinaishi kwa kopi. Nyimbo zao wenyewe ni chache, zilizobaki ni za watu: Marijani Rajab, Mbaraka Mwinshehe, Franco. Mwimbaji akiugusa wimbo ambao ukumbi mzima unaujua, watu wanainuka kwenda kumtunza, na noti zinabandikwa kwenye paji la uso.

Kopi, au kava kama vijana wanavyosema, ni wimbo wa mtu mwingine unaopigwa upya na bendi nyingine kwa sauti na vyombo vyake. Watu huichanganya na rimiksi. Rimiksi hutumia rekodi ileile ya mwanzo, ikakatwa na kupangwa upya. Kwenye kopi hakuna hata sekunde moja ya rekodi ya zamani. Kinachochukuliwa ni utunzi tu, yaani maneno na melodi yake. Tofauti hii ya utunzi na rekodi iwekwe akilini, kwa sababu ndiyo inayoamua nani analipwa nini.

Sasa, kopi nyingi hupigwa na kusahaulika. Mara mojamoja hutokea moja ikaruka: bendi iliirekodi kujaza nafasi au kwa utani, halafu ikazipita nyimbo zao wenyewe walizozitolea jasho. Hiyo ndiyo huitwa kopi iliyotamba bila kutarajiwa, na kwenye muziki wa roki mifano ni mingi.

Ninaoupenda zaidi ni wa The Animals, vijana wa Newcastle, Uingereza. Mwaka 1964 walikuwa kwenye ziara moja na Chuck Berry, nyota wa roki wa Marekani. Kushindana na Chuck Berry kwa roki ya mbio ni kujitafutia aibu, kwa hiyo walitafuta kitu cha kuwatofautisha. Wakachukua "The House of the Rising Sun", wimbo wa asili wa Marekani usiojulikana mtunzi wake, ambao Bob Dylan alikuwa ameutoa kwenye albamu yake ya kwanza mwaka 1962. Wakaupiga taratibu: gitaa la Hilton Valentine likidonoa waya mmoja mmoja, kinanda cha Alan Price kikipanda kidogo kidogo, na sauti nzito ya Eric Burdon juu yake. Watazamaji wa ziara ile wakaupokea vizuri kiasi kwamba bendi ikataka kuurekodi haraka. Tarehe 18 Mei wakaingia studio London na kuumaliza kwa mkupuo mmoja. Wasiwasi ulikuwa urefu wake, kama dakika nne na nusu, wakati redio za siku zile zilitaka wimbo mfupi zaidi. Ukashika namba moja Uingereza, kisha Marekani.

Wa pili ni wa juzijuzi. Mwishoni mwa 2017 shabiki mmoja kijana huko Marekani alifungua kampeni Twitter akiwaomba Weezer, bendi ya roki ya Marekani, wapige "Africa", wimbo wa mwaka 1982 wa bendi nyingine ya huko, Toto. Weezer wakamfanyia mzaha kwanza: wakatoa "Rosanna", wimbo mwingine wa Toto. Siku chache baadaye, 29 Mei 2018, wakautoa wimbo wenyewe ulioombwa. Kufika Agosti ulikuwa namba moja kwenye chati ya roki mbadala ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, nafasi ambayo Weezer hawakuwa wameishika tangu 2008. (Mtanzania akiusikiliza kwa makini lazima acheke. Kilimanjaro unatajwa ukiinuka juu ya Serengeti, wakati kati yao kuna zaidi ya kilomita 200. David Paich, aliyeutunga pamoja na Jeff Porcaro, alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika.)

Iweke mifano hiyo miwili pamoja. The Animals waliugeuza wimbo ukawa kitu kingine kabisa. Weezer hawakubadilisha karibu chochote. Ukiupiga wa Toto na wa Weezer kwa kufuatana, mpangilio ni uleule. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema siri ya kopi nzuri ni kuubadilisha wimbo. Kinachofanana kwenye visa hivi ni kwamba wasikilizaji walitangulia studio. Watu wa ziara ya Chuck Berry walishaonyesha wanautaka. Mashabiki wa Twitter waliomba kwa miezi kadhaa. Mshangao ulikuwa wa wale waliodhani wimbo wa zamani hauna jipya la kuuza.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Tembelea kumbi za huku kusini uone: bendi inachukua wimbo wa dansi wa miaka ya sabini, mpiga tumba anauingizia mwendo wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, na kabla kiitikio hakijafika, meza nzima ya watu wa Tandahimba imeshasimama. Wiki inayofuata wimbo huo unaombwa tena, na tena. Mwenye bendi hana haja ya chati ya Billboard, anahesabu noti za kutunzwa. Tatizo ni kwamba nyingi ya kopi hizo haziendi studio; zinabaki video za simu zinazozunguka WhatsApp, zenye kelele za chupa na mtu anayeita mhudumu. Nyingine zina bahati kubwa zaidi: "Malaika" iliwafikia watu wengi wa dunia kwa sauti ya Miriam Makeba, wakati Afrika Mashariki ubishi wa nani hasa aliyeutunga haujaisha.

Ubishi wa namna hiyo ni wa pesa pia. Kopi ikitamba, mtunzi hulipwa kwa utunzi, bendi hulipwa kwa rekodi yake na kwa maonyesho. Kwa kuwa wimbo wa The Animals haukuwa na mtunzi anayejulikana, palibaki malipo ya aliyeupanga, na kwenye lebo ya sahani ya santuri liliandikwa jina moja tu, la Alan Price. Wenzake wanne walibaki na kinyongo kwa miaka mingi, maana mpangilio ule waliujenga wote.

Marekani, tangu sheria ya mwaka 1909, wimbo ukishatolewa mtu mwingine anaweza kuurekodi upya bila kumbembeleza mwenyewe, mradi alipe kiwango kilichowekwa. Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake kunakiliwa, kubadilishwa au kupigwa hadharani, na ofisi inayoshughulikia mambo hayo ni COSOTA. Bendi ya Mtwara inayotaka kuirekodi kopi yake ianzie hapo, au kwa mtunzi mwenyewe au familia yake. Wakiipandisha YouTube bila ruhusa, mfumo wa mtandao huo unaweza kuutambua utunzi hata kama umepigwa kwa sindimba, video ikaondolewa, au ikaachwa hewani huku pesa za matangazo zikienda kwa mwenye wimbo. Itakachovuna bendi hapo ni simu za watu wenye harusi wanaotaka kuikodi.