Shindano la Uandishi na Uchoraji: Mtoto Aachiwe Kazi Yake

Tangu tuanze kupokea kazi za wanafunzi, simu zinazoingia ofisini kwetu ni za aina mbili. Kuna za walimu wanaouliza ukubwa wa karatasi, na kuna za wazazi ambao watoto wao waliondolewa mwaka jana. Hizi za pili ndizo zilizonifanya niandike.

Hakuna aliyeondolewa kwa mwandiko mbaya wala kwa kusoma shule ya kata. Walioondolewa ni wale ambao kazi hazikuwa zao. Tulipokea hadithi ya mwanafunzi wa Darasa la Sita kutoka Bahi, haina kosa hata la mkato. Katika aya ya kwanza tu, mvulana anaamka asubuhi ya Krismasi na kukuta theluji mlangoni. Bahi, Desemba! Mwezi ambao watu wanatazama mawingu wapande mtama na uwele. Tulimwita mtoto, tukamwomba atusimulie kilichofuata. Alinyamaza, kisha akasema polepole kwamba kaka ndiye aliyeitoa kwenye simu.

Mwaka huohuo ulikuja kutoka Kondoa mchoro wa mkaa kwenye karatasi ya daftari, alama za vidole bado zipo pembeni. Bibi anapepeta ulezi, makapi yanaruka upande mmoja, na kuku wote wamegeukia upande huo. Kuku hao ndio waliomfikisha mtoto yule ngazi ya mkoa. Kwa hiyo wanaosema shindano hili ni la wenye rangi za bei wanakosea, na wamekuwa wakikosea kwa muda mrefu. Kondoa hiyohiyo ina michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuinakili kama ilivyo hatukubali. Mchore mwenzako akiwa ameinua shingo kuitazama, hapo tutazungumza.

Sasa utaratibu, na naomba usomwe mara mbili. Kazi huanzia shuleni, ikapita kata, halmashauri, ndipo ije mkoani. Katika ngazi za chini karatasi yoyote inafaa. Manila huhitajika mkoani tu, na mtoto huirudia kazi yake mbele ya mwalimu. Jina haliandikwi kwenye kazi. Huandikwa kwenye fomu, fomu hufungwa kwenye bahasha ya kaki, na nje ya bahasha hubaki namba peke yake. Fomu iwe na saini ya mzazi au mlezi na muhuri wa shule: mwalimu mkuu kwa msingi, mkuu wa shule kwa sekondari. Fomu isiyo na muhuri hairudishwi kurekebishwa, inawekwa kando. Mwisho wa kupokea ni saa 9:30 alasiri ya siku ya mwisho, na kifurushi kilichofika stendi hakijafika ofisini. Picha za WhatsApp hatupokei, hata ukimfahamu nani.

Mwanafunzi akibainika kuwasilisha kazi ya mtu mwingine, au iliyotungwa na akili mnemba, huondolewa mwaka huo. Mwalimu aliyegonga muhuri huku akijua huandikiwa barua, na nakala huenda kwa afisa elimu wake. Rufaa hupokelewa ndani ya siku 7, kwa maandishi. Kumsahihishia mtoto tahajia si kosa. Kumwandikia mwisho wa hadithi ni kosa.

Lipo pia hili la kwamba ofisi “inachukua” hadithi za watoto. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa, hata kabla ya kusajiliwa, na mtunzi akiwa na miaka 11 bado ni mtunzi. Tukitaka kuichapa tunaomba ridhaa ya mzazi. Picha ya mtoto na jina lake nazo zina sehemu yake ya kusaini kwenye fomu, kwa sababu taarifa binafsi zina sheria yake ya mwaka 2022. Mzazi asiposaini sehemu hiyo, mtoto anashindana kama wengine, ila hatutaweka picha yake popote.

Michoro ya mwaka jana isiyochukuliwa bado imo kwenye kabati letu, imeanza kujikunja kwa joto. Mzazi aje na kitambulisho, au shule imtume mwalimu na barua. Na yule bibi wa Kondoa asitafutwe kabatini. Mwenyewe alikuja kumchukua mapema, akamkunja vizuri na kumweka katikati ya daftari la hesabu.