Je, wajua kwa nini bendera ya Seven Samurai ina maduara sita na pembetatu moja?

Kama umeiona Seven Samurai, ile muvi ya Kijapani ya Akira Kurosawa ya mwaka 1954, ambayo wakulima wanakodi samurai (wapiganaji wa tabaka la juu wa Japani ya zamani) wawalindie kijiji dhidi ya majambazi, utakuwa unaikumbuka bendera anayoitengeneza Heihachi, mmoja wa hao samurai. Maduara sita ni samurai sita, chini kabisa kuna herufi ya Kijapani inasomwa "ta", hao ndo wakulima wa kijiji, halafu kuna pembetatu moja. Hiyo ni ya Kikuchiyo, yule wa saba.

Kisa ni kwamba Kikuchiyo si samurai. Ni mtoto wa mkulima, amejipachika tu, anatembea na karatasi ya ukoo ya kuiba na ukipiga hesabu mwenye hiyo karatasi anatakiwa awe na miaka 13 wakati yeye ni jitu zima lina ndevu! Wenzake wanamcheka weee.

Sasa kuna watu wanasema hii muvi haina utofauti maana waigizaji wote Wajapani, wanailinganisha na The Magnificent Seven ya 2016 ya Denzel Washington iliyochanganya weusi, weupe, Mmeksiko, Mwasia, mpaka mwenyeji wa asili wa Marekani. Mimi nakataa. Kwenye hii stori ukuta uliopo ni wa tabaka, umezaliwa kwa nani, basi, na Kurosawa kauweka katikati kabisa ya muvi. Angalia pale samurai wanapogundua wanakijiji wameficha mavazi ya vita waliyowavua samurai waliowaua, wanachukia vibaya sana, ndo Kikuchiyo analipuka anawaambia ni kweli wakulima ni wachoyo, waongo, wajanja, ila nani kawafanya wawe hivyo? Nyie samurai! Mnachoma vijiji vyao, mnawapora chakula, mnawachukua wanawake wao. Toshiro Mifune, ndo anayemuigiza Kikuchiyo, anaigiza mpaka machozi, na wale wakubwa wote kimyaa. Yaani mtu waliyekuwa wanamcheka ndo anawafundisha.

Na inavyosemekana mwanzoni Kikuchiyo hakuwepo kwenye stori, walikuwa samurai sita serious tu, ikaonekana inapooza ndo akaongezwa.

Kwa wanawake lakini naona muvi imebana. Shino, binti wa kijijini, anakatwa nywele na baba yake ili samurai wamdhanie mvulana, na mke wa mkulima Rikichi, yule mke aliyechukuliwa na majambazi, akishamuona tu mumewe yeye anakimbilia tena ndani ya moto, hasemi hata neno moja. Inauma, na nilitamani tumsikie.

Kikuchiyo anakufa kwa risasi baada ya kumuua mkuu wa majambazi. Mwishoni kule juu kilimani kuna makaburi manne ya samurai yamechomekwa mapanga, na moja ni la kwake, halina tofauti na mengine.