Je, wajua kwa nini wafasiri hugundua utata ambao waandishi wa nyaraka za programu huria hawauoni?

Mwongozo wa programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuubadilisha msimbo wake, unaweza kusomwa kwa miaka mingi pasipo mtu kulalamikia sentensi fulani, kisha akatokea mfasiri mmoja akakwama papo hapo na kuwauliza watengenezaji: hapa mlikusudia nini? Wapo wanaodhani kwamba swali kama hilo hutokana na Kiingereza hafifu cha muulizaji, lakini mara nyingi sivyo. Mwandishi wa sentensi anaijua programu yake, kwa hiyo huisoma maana aliyo nayo kichwani badala ya maneno yaliyo mbele yake. Naye mtumiaji hukisia, hujaribu amri, na mambo yakienda sawa huendelea na shughuli zake. Mfasiri ndiye msomaji pekee asiyeweza kuiacha sentensi ikining'inia, kwa sababu sarufi ya lugha yake humdai uamuzi.

Chukua agizo fupi la Kiingereza: "If a program is using the device, stop it first." Kinachotakiwa kusimamishwa ni programu au ni kifaa? Kiingereza hakisemi. Anayetafsiri kwa Kiswahili atalazimika kuandika "isimamishe" au "kisimamishe", na hakuna kiambishi cha katikati kitakachomwezesha kukwepa. Tofauti yenyewe si ndogo, kwani anayesimamisha kifaa cha kuhifadhia data wakati programu bado inakiandikia anaweza kuharibu mafaili yake. La kushangaza ni kwamba agizo hilo hilo linaweza kupita salama mikononi mwa wafasiri wa Kijerumani, Kifaransa na Kihispania, kwa kuwa katika kila mojawapo ya lugha hizo maneno ya kawaida ya programu na kifaa yana jinsia moja ya kisarufi, na utata unahamia kwenye tafsiri bila kuonekana. Mfasiri wa Kirusi, ambaye kwake programu ni ya kike na kifaa si cha kike wala cha kiume, atakwama sawa na mwenzake wa Kiswahili. Ndiyo maana mradi wenye wafasiri wa lugha zisizofanana hupata ripoti ambazo lugha moja peke yake isingezitoa.

Chanzo kingine cha maswali ni "may not". Mwongozo ukisema kwamba programu teja (ile inayotuma maombi kwa seva) "may not send the header again", je, hairuhusiwi kutuma tena kichwa hicho, yaani maelezo yanayotangulia ombi, au huenda isikitume? Anayeunda seva kwa kufuata maana ya kwanza anaweza kulikataa ombi lenye kichwa kilichorudiwa, ilhali anayefuata maana ya pili anatakiwa kuwa tayari kwa hali zote mbili. Waandishi wa viwango vya intaneti walijaribu kuweka mipaka: waraka wa RFC 2119 wa mwaka 1997 ulieleza maana ya maneno kama MUST (lazima), SHOULD (inapaswa) na MAY (inaweza), na katika orodha yake MAY NOT haimo kabisa. Nyaraka nyingi za programu, hata hivyo, haziandikwi kwa nidhamu hiyo.

Utata huzidishwa na namna kazi yenyewe inavyofika kwa mfasiri. Tangu miaka ya 1990 miradi mingi huria hutumia zana iitwayo GNU gettext, ambayo huyachomoa maandishi kutoka kwenye msimbo na kuyapanga katika faili la tafsiri liitwalo PO, kila kipande peke yake. Nyaraka ndefu nazo hukatwa vivyo hivyo, aya kwa aya. Ndivyo zinavyotafsiriwa nyaraka za lugha ya programu ya Python, ambazo utaratibu wake ulielezwa mwaka 2017 katika PEP 545, mojawapo ya nyaraka za mapendekezo ya mradi huo. Neno "Open" likifika hivyo bila skrini yake, mfasiri hajui kama ni kitufe cha kufungulia faili au ni maelezo kwamba kitu kiko wazi.

Kwa sababu hiyo, majukwaa ya kutafsiria yameweka njia ya kuuliza. Pontoon ya Mozilla ina kitufe cha kuomba muktadha au kuripoti tatizo, na Weblate huruhusu maoni juu ya matini chanzi yenyewe. Debian, mradi wa mfumo endeshi huria, huenda mbali zaidi: inayo timu inayokagua Kiingereza cha maswali ya usakinishaji kabla hayajasambazwa kwa wafasiri. Ripoti inayofaa hutaja faili na mstari, huweka maana zote mbili bayana, kisha hupendekeza sentensi mbadala. Ile inayosema tu "haieleweki" humrudishia mtengenezaji kazi yote.

Hata ripoti nzuri inaweza kucheleweshwa, na si kwa ukaidi. Sentensi ya Kiingereza ikibadilishwa, hata kwa mkato mmoja, tafsiri zake katika lugha zote hupewa alama ya "fuzzy" (yaani hazina uhakika), na kwa kawaida gettext haizitumii tena mpaka zihakikiwe. Mtumiaji hurudishiwa Kiingereza. Ndiyo maana GNOME, mradi wa mazingira ya eneo-kazi la kompyuta, huwa na kipindi cha kuzuia mabadiliko ya maandishi kabla ya kila toleo, na anayetaka kukivunja huomba kibali. Kwa maandishi ya vitufe lipo suluhisho la bei nafuu: mtengenezaji huongeza maelezo kwa wafasiri ndani ya msimbo, na maelezo hayo huonekana kwenye faili la PO bila kugusa maandishi yenyewe, hivyo hakuna tafsiri inayopotea. Kwa mwongozo njia hiyo haitoshi, nadhani, kwa sababu msomaji wa Kiingereza hayaoni maelezo hayo, naye bado hajui asimamishe nini, programu au kifaa.