Mgonjwa wa moyo hajakatazwa kutembea

Kila ikikaribia Siku ya Moyo Duniani, 29 Septemba, kliniki yetu hupokea malalamiko yaleyale: "Mama ana moyo mkubwa, nanyi mnamtembeza kwenye korido!" Ndiyo, tunamtembeza. Na tutaendelea.

Msuli wa mguu usiotumika hunywea, na ukinywea hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mgonjwa anahema, anaogopa, anakaa, anazidi kuhema. Ndivyo ilivyo kwa moyo uliochoka, na ndivyo ilivyo kwa mapafu yaliyoachiwa makovu na kifua kikuu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataja dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hata kwa wenye maradhi sugu. Hatukudai uzifikie mwezi huu. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha kwa kuanzia.

Kwanza utafanyiwa kipimo cha kutembea dakika sita, tuone unafika mita ngapi. Korido ni ya mita 30, koni kila mwisho. Utakaa kitini dakika 10 kabla ya kuanza. Vaa viatu vya kufunga, si kandambili. Meza dawa zako kama kawaida (wapo wanaoziacha eti "majibu yatoke safi"; hayatoki). Fimbo unayotumia kila siku, njoo nayo. Ukichoka egemea ukuta, saa haisimami. Ndugu haruhusiwi kukushika mkono. Akikushika, kipimo kinafutwa na unapangiwa tarehe nyingine. Tumefuta vingi kwa sababu hiyo, halafu tunalaumiwa kwa foleni.

Nyumbani, unapotembea, jipime kwa mdomo: uweze kuongea, ushindwe kuimba. Anayetumia atenololi au bisoprololi asitegemee kuhesabu mapigo, kwa kuwa dawa hizo huyazuia kupanda. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija au mapigo yakienda ovyo, acha papo hapo. Hali isipotulia, nenda hospitali. Miguu ikivimba na uzito ukaongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, mazoezi yasubiri, njoo kliniki.

Wiki iliyopita mzee mmoja alisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni. Alipoitwa jina akainuka, akatembea mita 280, akapumzika mara moja tu. Mwanawe akauliza kiti akirudishe wapi. Kinarudishwa mapokezi, palepale kilipochukuliwa.