Diplomasia ya kibunge ni nini, na inafanyaje kazi kwa nchi yenye vita kama Kongo

Diplomasia ya kibunge ni uhusiano ambao bunge la nchi moja hujenga na bunge la nchi nyingine kwa jina lake lenyewe, si kwa jina la serikali. Ni jambo la zamani: Umoja wa Mabunge Duniani (IPU) ulianzishwa mwaka 1889. Balozi hufuata maelekezo ya wizara ya mambo ya nje. Mbunge ana wapiga kura na ana kura ya bajeti, na katika ujumbe mmoja mtu wa chama tawala huketi kando ya mpinzani wake. Kwa hiyo anaweza kuonana na upinzani wa nchi mwenyeji, na serikali yake isihesabiwe kuwa imegeuza msimamo.

Tuchukue mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kila nchi mwanachama hupewa viti 9 katika Bunge la Afrika Mashariki jijini Arusha. Kongo ina viti 9, Rwanda ina viti 9, ukumbi ni huo huo. Kundi la waasi la M23 liliiteka Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa Azimio 2773, likaitaka Rwanda iache kuisaidia M23 na kuondoa wanajeshi wake. Wabunge wa pande hizo mbili wanatakiwa kujadili bajeti ya Jumuiya pamoja.

Bunge la Arusha halina jeshi. Nguvu halisi iko katika mabunge ya nchi. Ibara ya 240 ya Katiba ya Kenya inataka Bunge liidhinishe kabla wanajeshi hawajapelekwa nje kwa operesheni za kikanda au kimataifa, na Novemba 2022 liliidhinisha zaidi ya askari 900 kwenda Kongo. Wakati huo ndio wa kuuliza: wanakwenda kufanya nini, kwa muda gani, kwa fedha ya nani? Wakishavuka mpaka, maswali hayo hupoteza makali.

Ziara ya wabunge katika nchi kama hiyo huharibikia kwenye maandalizi. Ujumbe wa watu watano hadi wanane unatosha. Ukizidi hapo, muda wote unaishia kwenye utambulisho na picha. Uwe na mpinzani, wanawake, mjumbe wa kamati ya ulinzi na mtu anayesoma Kifaransa, maana Kiswahili kitawafikisha mbali Goma na Bukavu, lakini nyaraka za Kinshasa ni za Kifaransa. Hadidu za rejea, yaani ujumbe unakwenda kufanya nini na mipaka yake, ziandikwe kabla ya safari. Mikoa ya mashariki ya Kivu Kaskazini na Ituri iliwekwa chini ya magavana wa kijeshi Mei 2021, kwa hiyo barua kwa Spika peke yake haifungui njia ya huko.

Sehemu ngumu kuliko zote ni tamko la pamoja. Ukiandika "makundi yenye silaha" bila kutaja jina, Wakongo wengi watasoma kwamba umeogopa. Ukiandika "pande zote zisitishe mapigano", watauliza tangu lini aliyevamiwa na aliyevamia wakawa sawa. Ukiitaja nchi jirani kwa jina, wabunge wake wanaweza kukataa kuketi nawe kikao kijacho. Rasimu ijadiliwe neno kwa neno usiku wa kwanza, isisubiri uwanja wa ndege.

Baadaye ripoti lazima iwasilishwe bungeni na ijadiliwe, vinginevyo hakuna waziri atakayelazimika kujibu. Na wakati mwingine hakuna hata wa kuzungumza naye: Sudan haina bunge tangu mwaka 2019.

Kongo ina bunge, lakini Masisi na Rutshuru, maeneo ya Kivu Kaskazini, hayakupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya vita. Ujumbe ukionana na wabunge wa Kinshasa peke yao, utakuwa umewakosa watu wa maeneo yaliyoumia zaidi. Wakazi wengi wa huko wamekimbia makwao, hivyo ratiba iwe na wakimbizi wa ndani, machifu, na makanisa. Maaskofu Wakatoliki na viongozi wa Kiprotestanti walishaonana na M23 mjini Goma Februari 2025, na wanajua mlango upi unafunguka.