Hoteli ya Mlimani Isiyohitaji Koti: Dhana Potofu Kuhusu Mapumziko ya Kifahari Mahale

Msimu uliopita niliwapokea maharusi kutoka Dodoma pale uwanja wa ndege wa Kigoma. Bwana harusi kashika kibegi kimoja cha mkononi. Bibi harusi ana mabegi mawili makubwa, na moja kati yake limejaa masweta, makoti na soksi za sufu tupu. "Tuliambiwa hoteli iko milimani, kaka," akaniambia huku jasho likimtiririka shingoni. Sikucheka, maana kazi yangu ndiyo hiyo, kuwapangia watu safari za Mahale na Gombe, hifadhi za sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, na kila msimu koti la namna hii linashuka kwenye ndege. Mengine hayaonekani kwa macho. Ni mambo ambayo mtu kayasikia kwa shemeji yake, kayaamini, kayalipia, halafu anakuja kugombana na mhudumu asiye na kosa.

"Hoteli ya mlimani iko mlimani"

Kwa Lushoto sawa. Kwa Mahale, hapana. Milima ya Mahale inaanzia majini. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Nkungwe kinafika mita 2,462, na ukiwa kwenye boti unaviona vyote viwili kwa mtazamo mmoja. Kambi za kifahari zote zimejengwa chini, mchangani, mgongo zimeupa mlima na uso zimeupa ziwa na Kongo ng'ambo yake.

Sababu haina mapambo. Ndani ya hifadhi hakuna barabara. Eneo lote la kilomita za mraba 1,613, lililotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985, unalitembelea kwa miguu, na njia kuu ya kuingilia ni maji. Atakayejenga hoteli kileleni itabidi kila kreti ya soda ipande kichwani mwa mtu.

Sasa baridi. Hewa hupoa kwa takriban digrii 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Kutoka ufukweni hadi Nkungwe ni karibu mita 1,700, kwa hiyo juu kuna tofauti ya digrii 11 hivi. Baridi ipo kweli, ila inamhusu anayepanda na hema na askari wa hifadhi, anayelala njiani. Wewe uliyelipia kitanda cha ufukweni unahitaji viatu ulivyokwisha kuvivaa vikakuzoea, suruali ndefu nyepesi, shati la mikono mirefu na dawa ya mbu. Kigoma ni mkoa wa malaria, na chandarua cha kifahari nacho hushushwa kabla ya kulala.

"Hoteli ya butiki? Wanauza magauni?"

Aliniuliza hivyo mama yangu mdogo wa Ujiji, na nikikumbuka nacheka hadi leo. Hakukosea sana. Neno ni lilelile tulilolibandika kwenye maduka ya nguo: duka dogo, nguo chache, mwenye duka anakujua jina. Wenye hoteli wamelichukua kwa maana hiyohiyo. Vyumba vichache, kila kimoja na sura yake, na mpishi anayekumbuka kwamba jana hukula pilipili.

Kosa la kweli liko kwa wanaodhani butiki ni cheo, kitu fulani kilicho chini au juu ya nyota tano. Nyota hutolewa kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuanzia 1 hadi 5, na vigezo hivyo vina mafungu tofauti kwa hoteli za mjini, loji na kambi za mahema. Butiki haimo kwenye ngazi hiyo. Ni neno la biashara, na mtu yeyote anaweza kuliandika kwenye bango lake kesho asubuhi. Nimeshaona nyumba ya wageni ya vyumba vinane, koridoni taa moja, imeandikwa "butiki" kwa rangi ya dhahabu. Kwa hiyo usiulize kama ni butiki. Uliza ina vyumba vingapi, na usiku huo kutakuwa na wageni wangapi.

"Bei ile ni wizi wa mchana"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo simu zangu nyingi hukatikia.

Kambi inayojulikana zaidi kule, Greystoke, ina vyumba 6. Zidisha kwa wawili, unapata watu 12 siku ikijaa. Hoteli ya Dar es Salaam yenye vyumba 200 ina meneja mmoja mkuu, jenereta moja kubwa, mkataba mmoja wa kufulia, na gharama hizo zinagawanywa kwa watu mia kadhaa. Mahale wanagawana kumi na wawili.

Halafu kuna njia. Kutoka Kigoma mjini hadi Mahale ni zaidi ya kilomita 120 za maji. Mtungi wa gesi, unga, nyanya, godoro jipya, pipa la petroli la injini zenyewe, vyote vinasafiri. Boti inachoma mafuta ikienda, na inachoma tena ikirudi tupu. Bomba likipasuka, fundi anatoka mjini. Mgonjwa akizidiwa, anatolewa kwa boti au ndege ndogo, na ndege ikishaitwa hakuna wa kuuliza ni shilingi ngapi.

Na hayo yote yanatafutiwa fedha ndani ya miezi ambayo kambi iko wazi. Kambi za kifahari nyingi hufunga masika, lakini mlinzi halipwi kwa msimu, na paa la nyasi linaoza bila kujali kama kuna mgeni chini yake. Ongeza VAT ya asilimia 18 na ada za hifadhi. Sisemi kila bei ni halali. Ninachosema ni kwamba anayetafuta kwenye bei hiyo gharama ya marumaru na mabomba ya dhahabu hataiona, kwa sababu haipo. Ameuziwa umbali, na uchache wa watu.

Dhana nyingine imejificha ndani ya hiyo: kwamba bei iliyoandikwa ni ya chumba. Kambi hizi huandika bei ya mtu mmoja kwa usiku mmoja. Mzee mmoja wa Tabora alipiga hesabu yake vizuri kabisa, akatuma ujumbe kwamba amekubali, nami nikamtumia profoma, yaani ankara ya awali, ya watu wawili. Akapiga simu: "Kijana, mbona hesabu imezaa pacha?" Nilipaswa kumweleza mapema, kosa langu. Anayesafiri peke yake naye asidhani atalipa nusu ya wawili, maana mara nyingi kuna nyongeza ya kulala peke yako chumbani.

Upande wa pili, bei hiyo mara nyingi ina vitu ambavyo mjini ungevilipia kimoja kimoja: milo yote, vinywaji vingi, matembezi ya kuwafuata sokwe, boti ya jioni. Ndege kwa kawaida haimo. Ada za hifadhi mara zimo, mara hazimo. Bahasha ya wahudumu, yaani bakshishi, haimo. Mambo haya yaandikwe kwenye profoma kabla hujatuma hata senti. Maneno ya simu hayashikiki.

"Pale ni pa Wazungu"

Wageni wengi wanatoka nje, ndiyo, na wenyeji tumejitoa kabla hatujauliza. Ada ya hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni ndogo mno ukilinganisha na dola anazotozwa mgeni. Kambi nyingi nazo zina bei ya raia na wakazi ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa. Iulize kwa jina lake: "bei ya mkazi ni ipi?" Tena iulize kwa mwezi ambao vyumba havijajaa.

Ukiona bado ni mzigo, TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, wana mabanda yao ya kulala Kasiha, ndani ya Mahale kulekule, na mengine Kasekela kule Gombe. Hakuna kitambaa kilichokunjwa kama bata juu ya kitanda. Mlima ni uleule na sokwe ni walewale, na chakula unabeba kutoka soko la Kigoma: dagaa, mchele na mawese, ukapika ukitazama jua likizama. Wapo pia wanaolala hoteli nzuri ya mjini au mahema ya ufukwe wa Jakobsen, halafu wanakwenda Gombe na kurudi siku hiyohiyo, kwa sababu Gombe iko kilomita 16 tu kaskazini mwa mji. Mimi mwenyewe, kwa fedha zangu, nimelala Kasiha mara nyingi kuliko kambini.

"Nimelipia sokwe, nitawaona"

Umelipia kuwatafuta. Sokwe hawalipwi mshahara.

Watafiti wa Mahale wamekuwa wakiwafuata sokwe hawa tangu 1965, pale Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alipoanza utafiti wake, akiongozwa na Watongwe walioijua milima hiyo kabla haijawa hifadhi. Kundi la M, ndilo wageni hupelekwa kuliona, limezoea watu kwa miongo mingi. Ndiyo maana wengi wanaokaa siku tatu au nne huwaona. Lakini kuna siku wafuatiliaji wanatoka alfajiri, kundi limevuka mgongo wa mlima, na unapanda kwa muda wa saa tano, unateremka na picha za vipepeo. Kiangazi kinapokomaa, Agosti hadi Oktoba, sokwe hushuka zaidi kwenye miteremko ya chini na kazi huwa nyepesi. Mwezi wa pili wanaweza kuwa juu, na wewe uwe kwenye tope.

Ukiwapata, una saa moja. Wageni hawazidi 6 kwa wakati mmoja, mnakaa umbali wa mita 10, na mnavaa barakoa. Mgeni mmoja aliniambia barakoa inamharibia picha. Nikamwambia habari ya mwaka 2006, ugonjwa wa njia ya hewa ulipolikumba kundi la M na sokwe kadhaa wakafa. Sokwe ni ndugu wa karibu kiasi kwamba mafua yetu wanayaelewa vizuri sana, ila hawana panadoli. Kwa hiyo ukiamka unakohoa, unabaki kambini, hata kama umelipa dola elfu kadhaa, hata kama ni siku yako ya mwisho. Hapo ndipo nimewaona watu wazima wakilia.

Na mtoto wa chini ya miaka 12 hapelekwi kwa sokwe kabisa. Familia zinazokuja na wadogo zipange mmoja wa kubaki nao, na zilijue hilo zikiwa bado nyumbani.

"Anasa bila kiyoyozi na intaneti ni uongo"

Vyumba vya ufukweni vingi viko wazi upande wa mbele. Usiku hewa iliyopoa hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani na kupita juu ya kitanda chako, na hicho ndicho kiyoyozi. Umeme ni wa jua. Mtandao ni wa kubahatisha. Kama una kikao cha bodi Alhamisi, nenda wiki nyingine.

Kuogelea ndiko watu hudanganyika zaidi, kwa sababu maji ni maangavu mpaka unayahesabu mawe ya chini. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na pembeni mwake lina mamba, viboko na, mahali pengine, kichocho. Kila kambi inajua pa kuogelea na pasipofaa. Waulize kabla hujavua shati.

"Boti ni usafiri tu"

Boti ndiyo ratiba yenyewe. Kiangazi upepo wa kusini hupanda kadiri siku inavyokwenda, na mchana ziwa linaweza kuwa na mawimbi ambayo mtu wa bara hakuyategemea kwenye maji yasiyo na chumvi. Ndiyo maana nahodha anataka muondoke gizani. Boti ya kasi inachukua saa chache, ya mbao inachukua kutwa. Anayeruka kwa ndege ndogo naye hafiki mlangoni, maana kutoka uwanja wa hifadhi kuna safari nyingine ya maji ya saa moja na zaidi.

Usifunge ndege ya kurudi Dar siku hiyohiyo unayotoka Mahale. Na ukipanga na mgeni wa nje, hakikisheni "saa kumi" ni ya nani. Nilishawahi kumsubiri mtu gatini tangu saa kumi alfajiri, naye alikuwa amelala hotelini akijua tumeagana saa nne asubuhi, ambayo kwake ndiyo saa kumi.

Wale maharusi walikaa usiku nne. Begi la makoti niliwashawishi waliache ofisini kwangu, Mwanga ya hapa Kigoma mjini, na nilijiona mwerevu. Walirudi na boti ya alfajiri, upepo umewapiga njia nzima, bibi harusi kajifunga kanga mbili na taulo la kambi. Akapita hapa bila salamu, akafungua begi, akatoa koti moja jeusi la sufu, akalivaa, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Ndipo akanitazama.