Ruzuku ya nyaraka si pesa ya skana tu

Wengi wanaoombea maktaba na hifadhi za nyaraka za Nairobi ruzuku huanza na skana, wakiamini karatasi ikishapigwa picha imeokoka. Sivyo. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, nukta 400 kwa inchi, bila faili kubanwa, hula takriban megabaiti 46. Kurasa 1,000 zikiwekwa nakala tatu ni karibu gigabaiti 140. Ruzuku ikiisha, nani atanunua diski mpya? Bajeti isiyojibu hilo ina tundu.

Na karatasi yenyewe bado iko rafuni. Mvua za masika zikipandisha unyevu hewani kupita asilimia 65 kwa siku kadhaa, kuvu huota, hasa rafu ikigusa ukuta wa nje. Kwa hiyo tangulizeni ukaguzi: vipimaunyevu viwili vitatu virekodi misimu yote, paa lizibwe, rafu zisogezwe mbali na ukuta, ndipo mnunue masanduku yasiyo na asidi, yaani yasiyoila karatasi. (Sanduku zuri chini ya paa linalovuja ni hasara tupu.)

Endangered Archives Programme (mpango wa nyaraka zilizo hatarini) ya British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, inayofadhiliwa na wakfu wa Arcadia, hulipia unakili wa kidijitali, lakini nyaraka asili hubaki nchini, nazo zinahitaji pa kukaa.